Maji magumu ya kisima: birika lina ukoko, sabuni haitoi povu

Ndoo20:
Wakuu, maji ya kisima ni maangavu kabisa, ila birika limeota ukoko mweupe, shawa inarusha maji kando na sabuni ya mche haitoi povu. Kichujio cha kaboni kimefungwa, hakuna kilichobadilika. Nianzie wapi?

FundiKoki:
Kaboni hunasa klorini na harufu. Kalsiamu na magnesi, madini yanayofanya maji yawe magumu, zimeyeyuka majini, zinapita zake.

Birika: lita moja ya maji vuguvugu, vijiko vikubwa viwili vya ndimu ya unga (asidi ya sitriki), nusu saa, suuza. Usichemshe na huo unga. Joto kali huzaa sitrati ya kalsiamu, nayo haiyeyuki kirahisi, unabaki na ukoko mwingine. Shawa iloweke kwenye siki na maji nusu kwa nusu kwa saa moja, kisha sugua matundu kwa mswaki. Ukiiacha usiku kucha kromu itababuka. Marumaru usiiguse kwa asidi. Na siki isikutane kabisa na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo: hutoka gesi ya sumu.

Povu_Tele:
Kufua: magadi ya kufulia, si ya kupikia, kijiko kikubwa kimoja kwa ndoo ya lita 20. Koroga, ngoja dakika kumi ndipo utie sabuni. Maji yakiwa na ukungu mweupe usishtuke, ni chokaa inajitenga. Sufi na hariri usizifulie hivyo.

Ndoo20:
Je, kuchemsha hakutoshi? Na ule mtambo wa resini (chembe zinazonasa kalsiamu na magnesi)?

FundiKoki:
Kuchemsha huondoa ugumu wa bikaboneti tu, wa salfati unabaki.

Mtambo, pima ugumu wa maji kwanza, usinunue kwa macho. Tuseme ugumu ni miligramu 300 kwa lita (juu ya 180 ni magumu sana) na mnatumia lita 500 kwa siku: hiyo ni gramu 150 kila siku. Lita moja ya resini hubeba takriban gramu 50, kwa hiyo lita 10 zinadumu siku tatu, halafu inaoshwa kwa chumvi, kilo moja hadi moja na nusu. Maji yenye chuma yachujwe kabla, la sivyo kutu hufunika resini na mtambo unakufa mapema. Koki ya maji ya kunywa iache nje ya mtambo, hasa kama kuna mwenye shinikizo la damu, maana resini hutoa sodiamu.

Povu_Tele:
Na yale maji ya kuoshea resini usimwagie bustani.