Naomba ushauri: faibroidi (uvimbe kwenye kizazi) ya sentimita 7, nipasuliwe kawaida au kwa matundu?

Habari zenu wapendwa. Nina miaka 34, sijazaa bado na natamani sana mtoto. Altrasaundi imeonyesha faibroidi moja ya sentimita 7 kwenye ukuta wa kizazi, hedhi inatoka mabonge mpaka nalala na khanga mbili nimezikunja chini, juzi nimeongezewa damu chupa mbili.

Daktari wa kwanza kasema kisu cha kawaida. Wa pili akachukua peni akanichorea vidoti vinne tumboni, kimoja kwenye kitovu, akasema wanajaza tumbo gesi linainuka, wanaingiza kamera na vifaa vyembamba vya milimita 5, kesho yake narudi nyumbani. Nilifurahi jamani! Sasa nikamuuliza, dokta, dude la sentimita 7 linatokaje kwenye katundu kama hako, akasema kuna mashine inalikatakata humo humo ndani. Hapo ndo nikaogopa, maana nimesoma kwamba 2014 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ilitoa onyo juu ya hizo mashine, uvimbe ukiwa na kansa iliyojificha vipande vinaweza kuisambaza tumboni, na siku hizi wanataka likatwe ndani ya mfuko maalumu.

Mliofanyiwa hapa Dar, mliuliza kama mfuko upo? Na kizazi kilichoshonwa kwa vile vifaa kilibeba mimba vizuri? Bima yangu imekubali kisu cha kawaida tu, hiyo nyingine nitoe pesa mwenyewe. Natakiwa nijibu kabla ya Ijumaa.