Naomba ushauri: kanda za marehemu babu, alikuja Tanga na umanamba

Wakuu habari za saa hizi, mwenzenu niko Ngamiani hapa Tanga. Babu mzaa baba ametutoka, hitma ya arobaini imeshasomwa, sasa tumebaki na kaseti alizojirekodi mwenyewe kwenye redio yake akisimulia alivyotoka Kigoma kama manamba, yaani kibarua wa mkataba, kuja kukata mkonge, akahamishiwa korona, kule kwenye mashine za kusindika mkonge, mpaka mashamba yanataifishwa 1967 yeye ni mnyapara, na bei ilivyoporomoka zilipoingia kamba za nailoni. Mzee alikuwa na maneno huyo, kuna kaseti upande mzima anamsema mtu aliyemfunga bao, eti kaiba kete 😂

Shida ni kwamba kaseti nyingine zimeota ukungu na moja utepe umekatika. Fundi mmoja anataka nimwachie zote, roho inasita. Halafu bamkubwa hataki kabisa zifike kwenye grupu la familia maana kuna sehemu babu anataja ugomvi wa shamba la Muheza na majina ya watu, shangazi naye kasema sauti ya baba yake haikatwi hata neno. Mimi naona wajukuu wasikie tu, ila bamkubwa ndio mkubwa wa ukoo, siwezi kumpita.

Aliyewahi kuhamisha kaseti kwenda kwenye simu au kompyuta anisaidie, ukungu unatolewaje bila kuua sauti, na utepe unaungwa kwa selotepu ya kawaida au kuna ya kwake? Na hawa wazee wangu nianze kuongea na nani?