Leseni ya TCAA kwenda ya FAA: njia gani inamfaa rubani wa Caravan?

Caravan_Mafia:
Wakuu habari za jioni. Mimi ni rubani huku Bongo, nina ATPL (leseni ya juu kabisa ya rubani) ya TCAA, mamlaka ya anga ya Tanzania, na saa kama 3,200 za kuruka, karibu zote za Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja, Dar–Unguja–Mafia na viwanja vya mbugani. Mke wangu yuko Texas na makaratasi yangu ya grini kadi yako mwishoni, sasa nataka nikifika nirudi angani haraka iwezekanavyo. Nimesoma kanuni za FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, nikaona njia tatu. Moja ni kifungu 61.75, unapewa leseni ya Marekani kwa mgongo wa ile ya nyumbani bila mtihani. Mbili ni kwenda moja kwa moja kwenye ATP, yaani ATPL ya Marekani. Tatu ni kupanda ngazi, leseni ya rubani binafsi kwanza, halafu instrumenti reiting (ruhusa ya kuruka kwa kufuata vifaa bila kuona nje), halafu CPL (leseni ya rubani wa kulipwa). Mliopita huko naombeni mwongozo, kwenye hela hasa maana akiba yenyewe ni ya kuhesabu.

Mzee_wa_Wilson:
Karibu sana ndugu yangu. Nimeruka uwanja wa Wilson, Nairobi, miaka mingi, saa hii niko Dallas. Hiyo 61.75 ni rahisi kweli lakini ni leseni ya rubani binafsi tu, hata kama nyumbani wewe ni kapteni, hauwezi kulipwa nayo. Halafu inategemea leseni yako ya TCAA, ile ikikufa na hii imekufa. Uzuri wake ni kwamba unaweza kukodi ndege na kuruka mwenyewe, ila lazima kwanza ukae na mwalimu akupitishe kwenye flaiti riviu (ukaguzi wa uwezo wako wa kuruka). Kitu ya kwanza kabisa, ukishika njia ya kwanza ama ya pili, ni barua ya uthibitisho. Unajaza fomu, inaenda kwa FAA huko Oklahoma City, wao wanaandikia TCAA kuuliza kama leseni ni yako kweli. Wanasema siku 45 mpaka 90, na barua ikitoka inadumu miezi 6 peke yake, kwa hivyo usiitishe mapema sana ikakuishia ukiwa bado Dar.

Dada_Angani:
Naongezea hapo kwa mzee. Majina jamani majina!! Paspoti yangu ina majina matatu, leseni ilikuwa na mawili, nikajaza fomu hivyohivyo bila kuangalia na ikanirudisha nyuma karibu miezi miwili. Kaka rekebisha hiyo ukiwa bado nyumbani.

Mimi nilienda ATP moja kwa moja na leseni ya KCAA, mamlaka ya anga ya Kenya, na sijutii. Kanuni inakubali mwenye ATPL ya nje, au CPL yenye instrumenti reiting, mradi imetolewa na nchi mwanachama wa ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga) na haina mipaka ya kijiografia, huhitaji kupitia CPL yao kabisa. Ila kabla ya mtihani wa kuandika lazima ufanye kozi ya ATP CTP, tangu 2014 hakuna kukwepa, saa 30 za darasani na 10 za simuleta, na 6 kati ya hizo ni kwenye simuleta kubwa ya ndege nzito. Ndiyo iliyokula hela yangu. Mtihani ni maswali 125 kwa saa 4, pasi ni asilimia 70. Baada ya hapo nilifanya taipu reiting (ruhusa ya kurusha aina fulani ya ndege) ya 737 na mtihani wa ATP siku hiyohiyo kwenye simuleta. Na kama bado si raia, hata ukiwa na grini kadi, omba kibali cha TSA (idara ya usalama wa usafiri ya Marekani) kabla hujaanza mafunzo ya aina hiyo.

Logibuku_Safi:
Ngoja kwanza, hapa kuna kitu hamjamuuliza. Kaka hizo saa 3,200, za injini mbili ni ngapi? ATP ya multi (ndege za injini zaidi ya moja) inataka jumla saa 1,500, usiku 100, na ndani yake saa 50 za injini mbili. Caravan ni injini moja, hata ungekuwa na saa 10,000 hazikusaidii hapo. Jambo jingine, kama ulianza kama koplaiti (rubani msaidizi) kwenye Caravan usizihesabu tu hivihivi, saa za koplaiti zinaingia pale ambapo ndege yenyewe au kanuni za safari ile zinadai marubani wawili, na Caravan yenyewe imethibitishwa kwa rubani mmoja. Zitenganishe kabla mkaguzi hajakuuliza.

Caravan_Mafia:
Umenigusa penyewe mkuu. Nimefungua logibuku (daftari la saa za kuruka) sasa hivi, injini mbili ni saa 31, nyingi za shuleni. Nimepungukiwa 19. Sasa hizo nakodi ndege Marekani au?

Mzee_wa_Wilson:
Hapo ndipo 61.75 inakuwa na kazi, kama leseni yako ina multi unachukua ile ya binafsi na unakodi. Lakini injini mbili huku ni ghali, mfuko utalia.

Dada_Angani:
Kuna mlango mwingine. Kati ya zile 50, hadi 25 zinaweza kuwa za simuleta kubwa ya multi, zikifanyika ndani ya kozi iliyoidhinishwa, kwa mfano kwenye kituo cha mafunzo chenye idhini ya FAA ya Part 142. Kwa hiyo taipu reiting yenyewe inaweza kuziba pengo. Waulize kabla ya kulipa, na jibu lao liwe kwa maandishi.

Toronto_254:
Kwa wengine wanaosoma hapa, wenye leseni ya Kanada njia ni fupi zaidi, kuna makubaliano ya nchi hizi mbili, unathibitishwa na kufanya mtihani mfupi wa kubadilisha, mpaka ATP. Lakini leseni ya Kanada uwe umeitolea jasho kivyake, si iliyotolewa kwa mgongo wa nchi nyingine.

Logibuku_Safi:
Ukiomba ukiwa bado na anwani ya Dar, tangu Januari 2025 unatakiwa uwe na wakala Marekani wa kupokea barua za FAA kwa niaba yako. Mkeo anaweza kuwa huyo. Na kama ni mimi, hii miezi ya kusubiri ningebisha hodi kila kampuni yenye Twin Otter au ATR, ndege za injini mbili, hapo nyumbani. Saa 19 unalipwa, hulipi.

Caravan_Mafia:
Asanteni sana wakuu. CPL nimeiacha, nalenga ATP. Kesho naanza na majina kwenye leseni, na Jumatatu niko Terminal 1 na CV mkononi.