Ruzuku ya halmashauri England: kodi ya jengo haiko kwa jina letu

Habari zenu wanajamvi, naandika mwaka 2020. Naomba ushauri kwa wanaozijua halmashauri za England.

Biashara ni saluni, chumba kimoja kwenye jengo la wapangaji 6, pango pauni 420 kwa mwezi, imefungwa tangu Machi 2020 kwa ajili ya korona. Ruzuku ya pauni 10,000 tumenyimwa: inafuata orodha ya kodi ya majengo ya biashara, na jengo zima limeandikishwa kwa jina la mwenye jengo. Sasa tunaomba ile ya hiari (halmashauri yenyewe huamua nani apewe) iliyotangazwa Mei 2020, inayowagusa hasa wanaotumia jengo moja kwa pamoja na wauzaji wa sokoni. Halmashauri inataka uthibitisho wa gharama za kudumu za eneo (kama pango), na kwamba tulikuwa kazini tarehe 11 Machi 2020. Hili la pili halina shida, risiti zipo. Tatizo ni mkataba: karatasi moja, sahihi mbili, haina tarehe ya kumalizika. Pango linaonekana kwenye taarifa za benki isipokuwa Januari, lililipwa taslimu. Mwenye jengo ameombwa barua mara 2, kimya.

Je, bila barua hiyo, taarifa za benki na bima ya eneo zinatosha? Na gharama tujaze za mwaka mzima au za miezi ya kufungwa tu? Tafadhali, fungu ni dogo na dirisha linafungwa mapema.