Kuhamia Mbeya kwa semi ya shemeji, leseni ninayo ya daraja D

mtu_wa_Mbagala
Wakuu, heshima kwenu. Nahamisha familia kutoka Mbagala kwenda Uyole, Mbeya. Vyombo ni vya nyumba ya vyumba vinne. Shemeji ana semi imekaa yadi, kichwa na trela la wazi la ekseli tatu, kasema nichukue, niweke mafuta tu. Canter naimudu vizuri. Lami ni mwanzo mwisho na mzigo ni mwepesi. Nizingatie nini kabla sijaondoka?

Gia_ya_Pili
Mkuu, anza na leseni. Daraja D haikuruhusu kushika gari kubwa la mizigo, semi inataka E. Faini ya trafiki ndiyo nafuu katika hilo. Balaa ni bima: ukigonga bila daraja linalotakiwa, kampuni ina sababu ya kukataa kulipa, na hasara inamrudia shemeji.

Halafu hesabu ya mzigo wenyewe. Vyombo vya ndani hujaza gari kabla havijafikia uzito. Mita moja ya ujazo huwa na kilo 110 hivi. Vyumba vinne vikipangwa vizuri ni kama mita za ujazo 30, yaani tani 3 na kidogo. Bodi ya Fuso ya mita 6 kwa 2.3, ukipanga hadi kimo cha mita 2.2, inabeba hizo 30. Trela la ekseli tatu limetengenezwa kwa tani 25 na zaidi. Unakodi ukumbi kwa ajili ya kikao cha watu watatu.

Breki_ya_Upepo
Huo "wepesi" ndio wa kuogopa zaidi, na madereva wa magari madogo huwa hawaujui. Breki za trela na springi zake zimepimwa kwa mzigo mzito. Likiwa karibu tupu, matairi hayabani lami. Ukikanyaga kwa nguvu kwenye mvua yanakaba, yaani yanaacha kuzunguka, yanateleza, na mkia wa trela unatoka nje ya njia. Yakikaba ya nyuma ya kichwa ni mbaya kuliko hapo: trela linakusukuma, gari linajikunja katikati hadi kabini inabanwa na trela lenyewe. Hata breki ya ekzosti, ile inayobana moshi wa injini ili gari lipungue mwendo, ambayo ni mkombozi kwenye mteremko mkavu, inashika matairi ya kichwa peke yake. Lami ikiwa na utelezi na trela ni jepesi, izime.

Jambo jingine ni upepo wa matangi unaoendesha breki za semi. Kwenye Canter ukikanyaga, inashika hapo hapo. Kwenye semi upepo husafiri hadi ekseli za mwisho, kwa hiyo kuna kuchelewa kidogo. Ukipampu pedeli kwa mazoea ya gari dogo unamaliza upepo kwenye matangi. King'ora kinalia, na upepo ukishuka zaidi springi zinafunga breki zenyewe, popote ulipo.

Gia_ya_Pili
Nyongeza kwa mkuu hapo juu: kwenda Mbeya, mlima wa Kitonga unaupanda. Lakini semi si lazima irudi kwa shemeji? Utaushuka Kitonga ukiwa na trela tupu kabisa. Na kabla hata ya kufika Uyole kuna miteremko ya Inyala na Mlima Nyoka, ambako malori yameua watu wengi.

Mteremko gia inachaguliwa juu, kabla hujaanza kushuka. Ukishaanza kuserereka, ukatoa gia ukitafuta ndogo, haiingii, unabaki nyutro. Umepanga kushuka na kilomita 30 kwa saa? Ikifika 30 kanyaga kwa uthabiti hadi 20, achia kabisa, iache ipande tena. Ukiegemea pedeli mfululizo ngoma za breki zinapata moto, lainingi zinazozibana zinaacha kushika, na moshi ukiuona kwenye kioo umeshachelewa.

mtu_wa_Mbagala
Nimewaelewa, usukani nauacha. Je, nikipata dereva mwenye E nikatumia semi hiyo hiyo?

Utingo_Mkongwe
Inawezekana, ila uliza kwanza mtaani kwako. Kichwa na trela ni mita 16 na ushee. Kwenye kona matairi ya nyuma hayafuati ya mbele, yanakata ndani, kwa hiyo yanapita juu ya mtaro, kibanda cha chipsi au ukuta wa jirani. Na nyaya za umeme za mitaani ziko chini. Mwisho wake semi itasimama barabara kubwa, ukodi Kirikuu za kusogeza vyombo Mbagala, na nyingine kule Uyole. Kila kabati linabebwa mara mbili zaidi, na makabati huvunjika wakati wa kupakia na kushusha kuliko safarini.

Kama bado mnaitaka, gari lililokaa yadi likaguliwe. Matairi ya trela hukauka na kupasuka pembeni hata kama kashata, yaani meno ya tairi, ni nzima. Mwageni maji yaliyo kwenye matangi ya upepo. Wakati wa kuunganisha, trela liwe chini kidogo kuliko sahani ya kichwa, ile linapokalia, ili sahani iliinue. Likiwa juu, pini ya chini ya trela inapita juu ya taya za kufuli la sahani. Kwa macho limeungana, kumbe tuta la kwanza linachomoka. Mipira ya upepo kati ya kichwa na trela ni miwili: mwekundu ni wa upepo unaofungua breki za trela, wa pili, wa njano au bluu, ni wa breki ya kukanyaga pedeli. Funga breki za trela, vuta mbele taratibu kwa gia ndogo, halafu ingia chini na tochi uone taya zimeizunguka pini na hakuna mwanga kati ya sahani na trela. Ndipo miguu ya trela ipandishwe hadi mwisho.

Mizani mnaingia hata mkiwa na magodoro tu. Gari la zaidi ya tani 3.5 halipiti pembeni. Mwendo wenu ni 80, vijijini 50.

Ushauri wangu lakini ni mwingine. Nenda Mabibo au Tandale alfajiri, tafuta Fuso iliyoshusha viazi au mchele kutoka Mbeya. Inarudi nyumbani bila mzigo, bei inashuka. Hakikisha bodi imefagiwa na turubai halina matundu.

mtu_wa_Mbagala
Kesho niko Mabibo. Friji ilale au isimame?

Utingo_Mkongwe
Isimame, mbele kabisa, mgongo kwenye ukuta wa kabini, ifungwe kwa kamba mbili, ya juu na ya chini. Ikilazimika kulala, ukifika iache wima usiku mzima bila kuiwasha, oili irudi kwenye kompresa. Magodoro yasiwe chini, yabane kati ya makabati. Mitungi ya gesi ifungwe wima na isikae kabini.