Mgonjwa wa CLL ambaye hajaanza dawa apimwe jeni sasa, au angoje?

Mwana wa Pili:
Wakuu, naomba tulijadili hili bila kuumana. Baba yangu, miaka 71, alipimwa damu kabla ya upasuaji wa ngiri, wakakuta chembechembe nyeupe ziko juu mno. Ni leukemia sugu ya limfosaiti, hii CLL. Hana homa, hajakonda, hatoki jasho usiku. Daktari kasema dawa bado, arudi kila baada ya miezi 3. Dada yangu anataka seli za ugonjwa zipimwe jeni wiki hii hii: 17p, yaani kipande cha kromosomu ya 17, na IGHV, jeni ya kutengeneza kingamwili. Baba hataki. Ana kidaftari anaandikia hesabu ya chembechembe kwa penseli, na kila asubuhi akimaliza kunyoa ndevu anajibonyeza shingoni kwa vidole viwili kutafuta tezi. Naona hofu hiyo inamtosha. Mnasemaje?

Kitasa:
Angoje. Kipimo kisichobadilisha tiba ni cha nini? Walishajaribu kuwaanzishia watu wa hatua ya mwanzo klorambusili, dawa ya kemo, mapema, matokeo yakachapishwa 1998: hawakuishi zaidi ya waliongoja. Na karibu theluthi ya wenye CLL hawahitaji dawa maisha yao yote. Mwache mzee. Wa kupimwa ni nyinyi watoto. Vinasaba ni nasaba, neno lenyewe linajieleza. Mtu akitaka kuoa au kuolewa kwenye ukoo wenye saratani ya damu, aulize kwanza.

Nuru ya Asubuhi:
Kitasa, hayo ya mwisho yafute. Mimi nina CML, leukemia sugu ya mieloidi, mwaka wa tisa huu. Nilikuwa na mchumba. Mama yake alinikalisha sebuleni akaniambia maneno haya haya, kwamba nitawazalia wajukuu wagonjwa. Uchumba ukafa siku hiyo.

Sasa sikia. Kromosomu ya Philadelphia, kasoro inayoleta CML, waliyoiona watafiti Nowell na Hungerford mwaka 1960, sikuzaliwa nayo. Mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha kilichotokea: kipande cha kromosomu ya 22 na kipande cha ile ya 9 vimebadilishana mahali. Hiyo ni ajali ndani ya seli moja ya uboho wangu, nikiwa mtu mzima, na seli hiyo ikazaana. Yai langu halina kasoro hiyo. Nameza imatinibu, naenda kazini. Sina cha kumrithisha mtoto hapo.

Kitasa:
Pole dada, sikukulenga wewe. Lakini CML si CLL. CLL inatembea kwenye familia, hili nimelisoma. Ndugu wa damu wa mgonjwa wana hatari mara kadhaa kuliko watu wengine.

Nuru ya Asubuhi:
Hukunilenga, ila mshale umefika.

Hesabu200:
Hii ndiyo kazi yangu, naomba nafasi. Kitasa ana nusu ya ukweli. Mzazi, mtoto au ndugu wa mgonjwa wa CLL hatari yake iko juu kweli, lakini ni mara kadhaa ya kitu kidogo sana. Wengi wao hawaugui kamwe. Wala hakuna jeni moja ambayo ukimpima mtoto utamwambia utaugua au hutaugua.

Kipimo kinachogombaniwa hapa ni kingine kabisa. Tunachukua seli za ugonjwa wenyewe, tunazitia rangi zinazong'aa, naingia chumba cha giza na darubini. Kiini cha kila seli ni duara la buluu. Ndani yake natakiwa nione nukta mbili nyekundu na mbili za kijani. Nyekundu ni mahali ilipo TP53, jeni inayoizuia seli iliyoharibika isiendelee kugawanyika. Kijani inanihakikishia kwamba kromosomu ya 17 yenyewe ipo. Nikikuta kijani mbili na nyekundu moja, hiyo ndiyo 17p iliyokatika. Kila mgonjwa zinahesabiwa seli 200. Mtoto wa mgonjwa huyo huyo akinipa damu yake, nukta zote nitazikuta mahali pake.

Mlinzi wa Lugha:
Ugomvi wote umeletwa na neno. "Vinasaba" limetoka kwenye nasaba, lazima watu wafikirie ukoo. Tuseme jeni, yaishe.

Zamani Sana:
Kila tukipata neno letu tunalikimbia. Lina kosa gani? Mahakamani wanapima vinasaba kumtambua baba wa mtoto, na watu wanaelewa bila mkalimani.

Mlinzi wa Lugha:
Hapo hapo ndipo ninaposema! Mtu aliyelizoea kwenye kesi za mtoto wa nani, akilisikia hospitalini anaona kaambiwa kasoro ya damu ya kwao.

Zamani Sana:
Basi wafundishwe. Kinasaba kilichoharibika katikati ya maisha bado ni kinasaba. Usilihukumu neno kwa ujinga wa msikilizaji.

Nuru ya Asubuhi:
Yule mama alisema "vinasaba vyenu". Vyenu, siyo vyako. Aliwatia na wadogo zangu ambao hata mafua hawana. Kwa hiyo msiniambie ni suala la kamusi tu.

Kaka Mkubwa:
Mnabishania neno. Mdogo wangu alimalizwa na namba.

Yeye alipimwa mapema, kama anavyotaka dada wa Mwana wa Pili. Karatasi ikarudi na 17p iliyokatika. Akapewa mkononi dirishani, daktari ana foleni. Usiku akaingia mtandaoni akakuta utafiti wa Wajerumani wa mwaka 2000, wagonjwa 325: wenye 17p, nusu yao walikuwa wamekufa kufikia miezi 32. Akaacha masomo ya jioni. Akagawa vitabu vyake, na sisi tukashukuru tukidhani anapunguza vitu. Miezi mitano aliishi hivyo, peke yake na ile 32.

Alipoonana na daktari wa damu ndipo akaelezwa kwamba namba hiyo ni ya zama za kemo. Dawa mpya ya vidonge, ibrutinibu, iliingia kwenye CLL mwaka 2014. Nyingine, venetoklaksi, ilipopata kibali Marekani 2016, ilianza na watu wa 17p hao hao. Sasa yuko mwaka wa sita wa vidonge na amerudi darasani. Sikatai kupima. Nakataa mtu kukabidhiwa karatasi bila mtu.

Kitasa:
Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Angoje.

Kaka Mkubwa:
Hapana, hukuwa sahihi. Angepimwa mwaka mmoja baadaye akapewa dirishani vile vile, angegawa vitabu vile vile.

Nuru ya Asubuhi:
Na ulichoombwa ukifute bado kipo juu.

Hesabu200:
Mwana wa Pili, swali lako limefukiwa, wacha nilifukue. Hivyo ni vipimo viwili tofauti. IGHV haibadiliki, ukiipima mara moja imetosha maisha yote, iwe leo au baadaye. 17p ni habari nyingine. Mwanzoni wenye nayo hawafiki kumi katika mia, lakini isiyokuwepo leo inaweza kujitokeza kesho, kwa sababu seli zenye kasoro hiyo huwashinda wenzao. Kwa hiyo hata baba akipimwa sasa, lazima arudie siku ya kuanza dawa. Mwongozo wa kimataifa wa 2018 unalisisitiza hilo. Kisichosubiri ni hiki: asianze dawa yoyote kabla TP53 haijaangaliwa, maana kemo ya zamani haifui dafu mbele ya 17p.

Kitasa:
Muda wa kuhariri umepita, siwezi kufuta. Naandika hapa: la kuoa na kuolewa nililisema vibaya. La neno nabaki na Zamani Sana.

Nuru ya Asubuhi:
Nimeliona. La neno sina haja nalo.

Mwana wa Pili:
Nimemsomea baba yote, mpaka matusi ya kamusi. Kuhusu 17p hakusema kitu. Ameuliza kama huyo anayehesabu nukta gizani anajua ni za nani.

Hesabu200:
Sijui, mzee wangu. Kwenye kioo kuna namba tu. Nahesabu seli mia, namwachia mwenzangu kiti, naye anahesabu mia nyingine bila kuona nilichoandika. Tukipishana tunaanza upya.