Je, ni salama kuziba masikio ninapoendesha baiskeli katikati ya magari?

Mkazi wa Kimara
Ndugu zangu, habari za kazi. Kwa miezi minane sasa ninaendesha baiskeli kutoka Kimara hadi Posta kwa Barabara ya Morogoro, na kila nikirudi nyumbani jioni masikio huvuma kwa muda mrefu, kana kwamba nimeshinda jirani na mashine ya kusaga. Kinachonitesa zaidi ni honi za malori pale Ubungo, hasa dereva anapoipiga akiwa mita mbili tu nyuma yangu. Nimenunua vizibo vya sponji, vile vya kuminya kwa vidole kisha kuviacha vitanuke ndani ya sikio, lakini mke wangu anasema nitagongwa. Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kuvitumia barabarani.

Babu Spoku
Msikilize shemeji. Wengi wetu hatuna kioo, kwa hiyo habari za nyuma tunaletewa na sikio. Bodaboda anayechomoka kushoto kwako, utasikia ekzosi yake kabla hujamwona. Mwaka jana nilivaa kizibo sikio moja tu, nikijiona mwerevu, na bajaji ikanikwaruza kiwiko Magomeni. Mlio wake niliusikia vizuri, ila niligeukia upande ambao haikuwapo.

Fundi Mitambo
Kilichompata Babu ni jambo la kutarajiwa, kwa kuwa ubongo hutambua upande wa sauti kwa kulinganisha yale yanayofika katika masikio yote mawili, na ukiziba moja mizani inaharibika. Hata hivyo, malalamiko ya muuliza swali si ya kupuuzwa. Kiwandani kwetu tunafundishwa kwamba kelele ya desibeli 85 huvumilika kwa saa 8, na kwamba kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo hupungua nusu, hivyo kwenye desibeli 100 unabakiwa na dakika 15 tu.

Tatizo la sponji ni kwamba hukata zaidi sauti nyembamba, kama kengele na msuguano wa matairi, huku ngurumo nzito za injini zikipenya, na juu ya hayo utasikia pumzi zako mwenyewe. Vipo vizibo vyenye kichujio, wanavyotumia wanamuziki, ambavyo hupunguza sauti zote karibu kwa kiwango kimoja. Hata sheria ya California, inayokataza kuziba masikio yote mawili ukiwa kwenye baiskeli, inaruhusu vizibo vya kukinga kelele hatari iwapo havikuzuii kusikia honi na ving'ora. Mvumo huo usipokoma, nenda ukapimwe masikio.

Mkazi wa Kimara
Nashukuruni. Jana jioni nilivaa vile vya sponji kwenye uchochoro wa nyumbani, nikamwomba mwanangu anifuate kwa baiskeli yake akipiga kengele. Niliisikia alipokuwa amekaribia kabisa kugusa gurudumu langu la nyuma, naye alikuwa ameanza kupiga tangu mbali. Nimefunga kioo upande wa kulia wa usukani, na kuanzia Jumatatu nitaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla malori hayajajaa Ubungo. Mwenye kujua duka la Kariakoo linalouza vile vyenye kichujio, tafadhali anielekeze.